Mithai za Sendofu

Bi Suad alipotapika mara ya kwanza, Saada alisema ni uzee. Mara ya pili akasema ni parachichi. Mara ya tatu alimpangusa mama mkwe wake midomo kwa taulo jeupe, akamlaza kwa ubavu, akaenda kulifua lile taulo kwenye bomba la nyuma ya nyumba. Aliosha kwa maji, akaosha kwa sabuni ya mche, akalisugua juu ya jiwe hata vidole vikamuuma. Doa halikutoka. Lilikuwa la manjano kali, manjano ya kiini cha yai la kienyeji, na kila alivyosugua ndivyo lilivyozidi kung'aa.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Saa sita tu gari la Mzee Nsajigwa lilikuwa limefika mlangoni kuchukua maboksi mia na ishirini ya mithai kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Doreen, kabla ya harusi, kesho yake.

Saada hakuwa muuza kashata wa stendi. Alikuwa amejifunza mithai Mbeya, katika jiko la mama mmoja wa Kihindi ambaye yeye Saada alimfanyia kazi miaka minane, na aliporudi Tukuyu alikuja na jambo moja kichwani: kwamba maziwa ya Rungwe, yakichemshwa taratibu mpaka yashikane, yakitiwa iliki, kungumanga na zafarani, yanaweza kukaa mezani pa tajiri yeyote. Watu walimcheka. Nani atatoa elfu ishirini na tano kwa boksi la vitu vitamu vipande kumi na viwili? Lakini boksi lenyewe lilikuwa gumu, jeusi, lenye utepe wa dhahabu, na ndani kila kipande kimekaa kwenye kikaratasi chake kama hereni. Hoteli moja ya Mbeya ikaanza kuchukua. Kisha akaja Mzee Nsajigwa, mnunuzi wa maparachichi, mtu ambaye akikohoa Tukuyu nzima inamwambia pole, akaagiza mia na ishirini.

Ili vipande vilingane ilibidi kingo zikatwe. Kingo hizo ndizo Bi Suad alizokula, bakuli zima, kidogo kidogo, tangu asubuhi. Saada mwenyewe hakuonja hata chembe. Alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Mumewe Salimu ana kisukari, hagusi kitu kitamu.

"Baba Hasheem!" aliita, sauti ikamtoka nyembamba. Salimu alikuwa barazani kwenye cherehani yake. "Tafuta bajaji. Mama anapelekwa hospitali."

"Si tumpe kwanza maji ya chumvi na sukari? Kwa sababu ya parachichi tu..."

"Nimesema tafuta bajaji."

*

Muuguzi aliyewapokea alikuwa Agness. Agness ni mdogo wake Mzee Nsajigwa, shangazi wa bibi harusi, mjumbe wa kamati ya sendofu.

"He, Mama Mithai!" Agness alisema huku akimfunga Bi Suad kile kitambaa cha kupimia presha. "Na mimi kesho nimejiachia nafasi tumboni. Kaka kanikataza kufungua boksi hata moja. Anasema zitafunguliwa mbele ya wageni wa Mbeya." Kisha akatazama kipimo, na kicheko kikamwisha. "Bibi amekula nini leo?"

"Ndizi," Saada akasema. "Ndizi na maharage. Na parachichi."

"Kingine?"

Bi Suad, pale kitandani, alifumbua macho. Alimtazama mkwewe, akatazama dari, akayafumba tena.

"Basi. Ni hivyo tu," Saada akasema.

Katika miaka yake arobaini na mmoja Saada alikuwa amewahi kusema uongo mdogo mdogo wa biashara, kama kila mtu: kwamba mzigo uko njiani, kwamba bei imepanda huko huko ulikotoka. Lakini hakuwahi kusema uongo juu ya mwili wa mgonjwa. Ulitoka kirahisi mno, na ndicho kilichomtisha. Agness aliandika ndizi, akaandika maharage, akaandika parachichi, akamkabidhi karatasi ya kwenda kununua glovu na dripu duka la dawa la ng'ambo ya barabara.

Dukani alisimama nyuma ya watu watatu. Mbele yake mama mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake habari za sendofu ya kesho: ng'ombe wawili, turubai limetoka Mbeya, na mithai za Kihindi za watu wote, hata watoto. Hata watoto, Saada akarudia moyoni. Muuza duka alimwita mara mbili kabla hajasikia.

Aliporudi wodini alimkuta daktari ameinama juu ya Bi Suad. Kijana mdogo, koti limemzidi. Hakumtazama Saada. Alikuwa akimwambia Agness, "Presha inaendelea kushuka. Kwa parachichi? Mimi sielewi. Ningejua amekula nini ningejua naanzia wapi."

*

Salimu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, kofia mkononi. Saada alitoa lile taulo kwenye mfuko wa plastiki, akalikunjua mapajani pa mumewe.

"Angalia."

Salimu ameshona nguo miaka thelathini. Amepausha vitambaa, amevitia rangi, amewalipa watu nguo zao zilizochuja. Alilisugua doa kwa kidole gumba, akalitia mate, akalisugua tena. Kisha akaondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa pasi ya moto.

Saada aliona uso wa mumewe, akajua kwamba hakuhitaji kuuliza. Akauliza.

"Zafarani ulinunua wapi?"

"Si huko Mbeya?"

"Mbeya wapi?"

"Mbeya, mama Hasheem. Ulinituma Mbeya, nikaenda Mbeya."

"Kwa yule mzee wetu wa siku zote?"

Mtu mmoja alipita akisukuma kitanda kitupu, gurudumu moja linalia. Salimu alisubiri mpaka kitanda kikafika mbali.

"Alikuwa ameishiwa," akasema. "Duka la pili walitaka mara mbili ya hela uliyonipa. Nikaenda stendi nirudi. Pale kuna jamaa alikuwa na vipakiti, vina picha ya ua. Akasema ni zafarani ileile, ila imesagwa. Na wewe ulikuwa umesema kama tukikosa oda hii hakuna tena biashara. Nikaogopa kurudi mikono mitupu."

"Na hela iliyobaki?"

"Nilimlipa fundi wa cherehani."

Saada hakupiga kelele. Angependa kupiga kelele, lakini hofu ilikuwa imekalia nafasi yote. Aliona maboksi mia na ishirini. Aliona vipande kumi na viwili mara mia na ishirini, hesabu ambayo jana ilimfurahisha. Aliona watu wazima wameinama nyuma ya turubai, na watoto.

"Tukisema, tumekwisha," Salimu akanong'ona. "Agness huyo huyo. Kabla ya magharibi Tukuyu nzima itakuwa inajua. Ngoja kwanza. Pengine mama atapata nafuu, tutamwambia Mzee Nsajigwa kwamba... kwamba zimeharibika, basi."

"Na kama hatapata nafuu?"

Salimu alifunika uso kwa kofia. Yule ni mama yake.

Saada aliingia wodini. Alisimama mguuni pa kitanda, akasema bila kuvuta pumzi, "Daktari, niliwadanganya. Hakula parachichi peke yake. Amekula mithai zangu bakuli zima, na rangi iliyo ndani naona ni ya nguo, si ya chakula."

Kalamu ya Agness ilisimama.

"Mithai zipi?"

"Hizo hizo."

"Za Doreen?"

"Za Doreen."

"Kyala, Mungu wangu!" Agness alisema, akaweka faili chini. "Mimi nakuuliza kingine, na wewe unaniambia ni hivyo tu. Unanitazama machoni!" Alikuwa tayari ametoa simu, anatoka nje, na Saada alimsikia ukumbini akisema, "Kaka, msifungue. Nasema msifungue hata boksi moja!"

Daktari alilitaka lile taulo, akalinusa, akaandika kwa haraka, akaagiza dripu ya pili. Halafu akamtazama Saada kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. "Mama, umetupotezea saa nzima," akasema.

*

Salimu alibaki na mama yake. Saada alikwenda kwa Mzee Nsajigwa peke yake, kwa miguu, kwenye manyunyu. Hakutaka kuletewa maboksi; alitaka kuyaona kwa macho yake.

Uani turubai lilikuwa limekwisha kufungwa. Akina mama kama ishirini walikuwa wakimenya ndizi, na mazungumzo yao yalizimika mara alipoingia. Aliwaamkia. Waliitikia wawili. Mmoja alimvuta mtoto wake karibu na magoti, kana kwamba sumu ilikuwa inatembea na Saada mwenyewe.

Maboksi yalikuwa barazani, yamepangwa kama matofali, utepe wa dhahabu juu. Mzee Nsajigwa alisimama pembeni yake, mikono nyuma. Mtu mfupi, mpole wa sauti.

"Hesabu," akasema.

"Mzee, naomba kwanza niseme..."

"Hesabu, mama. Kwa sauti. Wote wasikie."

Akahesabu. Alihesabu kama mtoto wa shule anayeadhibiwa kwa kuchelewa namba ya asubuhi, mbele ya akina mama wenye visu mikononi, na alipofika themanini alipotea, akalazimika kuanza safu upya. Mia na kumi na nane. Mia na kumi na tisa. Akatazama chini ya meza. Akatazama nyuma ya kiti.

"Moja halipo."

"Rudia."

Akarudia. Mia na kumi na tisa.

Doreen alitokea mlangoni, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. "Baba," akasema, "si ulimpa babu Jairo lile moja? Mchana alipokuja."

Mzee Nsajigwa alifumba macho. Jairo alikuwa babu yake bwana harusi, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Masoko. Alikuja mchana kwa maneno ya mwisho ya mahari, na alipoaga, Mzee Nsajigwa alimpa boksi moja kwa mikono miwili, kwa heshima. Doreen alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena, akapiga tena, mpaka baba yake akamwambia acha.

"Ingia kwenye gari," Mzee Nsajigwa akamwambia Saada.

*

Barabara ya Masoko ilikuwa tope. Kila gari lilipoteleza Saada alishika dashibodi, na kila lilipopunguza mwendo alitamani kushuka akimbie. Walipovuka mashamba ya chai Mzee Nsajigwa akauliza.

"Unajua pale kwa Jairo wako watoto wangapi?"

"Sijui, Mzee."

"Mimi najua. Sita. Wazazi wao wako Dar na Tunduma. Analea yeye na mkewe." Akabadilisha gia. "Boksi lako lina vipande vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Viwili viwili," akasema.

Saada aligeuza uso dirishani. Migomba ilikuwa inapita, nyumba zinapita, watu wamejifunika mifuko vichwani, na yeye alikuwa anafanya hesabu. Bi Suad alianza kutapika saa nne tangu alipoanza kula. Lakini Bi Suad ni mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu ni saa ngapi? Jairo alifika nyumbani saa ngapi? Alijaribu kuomba dua, ikamkatikia katikati, akaianza tena toka mwanzo, na mwisho akabaki akirudia neno moja tu, ya Rabbi, ya Rabbi, mpaka gari likasimama.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Ua ulikuwa umefagiwa. Kuku walikuwa wamesimama barazani wakikwepa mvua. Ndala ndogo ndogo zilikuwa zimetupwa ovyo mlangoni, na hapakuwa na sauti ya mtoto hata mmoja.

"Hodi!" Mzee Nsajigwa aliita. Hakuna jibu. "Hodi hapa!"

Saada hakungoja. Alisukuma mlango wa jikoni. Moto ulikuwa unawaka, sufuria ya ndizi inatokota, mkeka mtupu. Alikuwa anarudi nyuma, mkono mdomoni, aliposikia mtu akikohoa upande wa bandani, na mwanamke mzee akatokea na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa Atupele, mke wa Jairo.

"Watoto wako wapi?" Saada akapiga kelele. Hakumwamkia.

Bibi Atupele alitua kuni taratibu. Alimtazama yule mwanamke mgeni, kisha akamtazama Mzee Nsajigwa, akampigia magoti kidogo kwa salamu. "Watoto wako kanisani. Kwaya. Na mume wangu amewafuata. Kuna nini?"

"Lile boksi, bibi," Mzee Nsajigwa akasema. "Boksi jeusi aliloleta Mzee Jairo. Wamekula?"

"Kula?" Bibi Atupele alishangaa. "Nani afungue kitu kama kile kwa watoto wenye matope? Nimeliweka kabatini. Nimesema litafunguliwa siku bibi harusi akija."

Saada alikaa chini pale pale kwenye tope la mlangoni.

"Lilete, bibi," Mzee Nsajigwa akasema. "Tumekuja kulichukua."

Hapo ndipo uso wa mama yule ulipobadilika. Alijinyoosha. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa huko, kizito, chenye Kinyakyusa ndani. "Sawadi gani hii, Baba Doreen? Mchana munatoa, jioni munakuja kuludisha. Munaona sisi si watu wa kula vitu hivyo? Kama ni mahali ya binti yenu, sema mahali. Mume wangu alimaliza maneno yote."

"Si hivyo, bibi..."

"Ni hivyo. Kijana wetu masikini, sawa. Lakini sisi hatukuomba." Akasimama mbele ya mlango wake, mikono kiunoni. Mzee Nsajigwa, mtu wa magari manne, alibaki nje kwenye mvua. Undugu wa familia mbili ulikuwa unapasuka pale uani kwa ajili ya boksi.

Saada aliinuka, tope mpaka kiunoni.

"Bibi, si Baba Doreen. Ni mimi. Hizo mithai nimepika mimi, na zina sumu."

"Sumu?"

"Rangi mbaya. Mama mkwe wangu amekula, yuko hospitali na dripu mbili. Sijui kama nitamkuta."

Bibi Atupele alishusha mikono yake. "Na wewe wakati unapika hukujua?"

Saada alifungua mdomo kumtaja Salimu. Kipakiti cha stendi, picha ya ua, fundi wa cherehani. Yote yalikuwa tayari ulimini. Lakini macho ya yule mama yalikuwa yanauliza kitu kingine, na Saada, kwa mara ya kwanza tangu mchana, alijiruhusu kukumbuka Alhamisi asubuhi. Zafarani ya kweli ukiiloweka kwenye maziwa ya moto inatoa rangi kwa kujivuta, kama mtu anayeamka. Ile ilitoka yote mara moja. Aliinama juu ya bakuli, akanusa. Haikuwa na harufu. Alisimama na kijiko mkononi dakika nzima. Kisha akaangalia saa, akaangalia maziwa lita themanini yaliyokuwa yakichemka, akaimimina.

"Nilijua," akasema. "Sikujua ni sumu. Lakini nilijua siyo yenyewe."

Mzee Nsajigwa aligeuka akamtazama.

Bibi Atupele aliingia ndani, wakasikia mlango wa kabati, akatoka amelishika boksi kwa ncha za vidole, mbali na mwili. Hakumkabidhi Saada mkononi. Aliliweka chini, kwenye majani, akarudi nyuma hatua mbili.

Walikuwa wamerudi kwenye mashamba ya chai simu ya Saada ilipolia. Jina la Salimu. Aliitazama ikiita, hakuweza kuipokea. Mzee Nsajigwa ndiye aliyenyoosha mkono, akaipokea, akasikiliza, akasema, "Haya. Haya, nitamwambia." Akairudisha.

"Presha imepanda, imekaa sawa. Ameomba chai."

Saada alilia mpaka Tukuyu. Mzee Nsajigwa hakumwambia pole.

*

Bi Suad alikaa wodini siku tano. Sendofu ilifanyika kwa soda na keki ya Mbeya, na malipo ya awali yalirudishwa kwa kuuza jokofu. Jumatatu afisa afya wa halmashauri, kijana aliyeitwa Emmanuel, alikuja na karatasi zake. Alichukua kipande kimoja cha kwenda kupimwa, akafunga jiko kwa utepe, akaandika maelezo. Alipouliza ni nani aliyeleta ule unga, Salimu alisema, "Mimi," kabla mkewe hajainua kichwa. Alipouliza ni nani aliyeutia, Saada akasema, "Mimi." Wote wawili walitia sahihi. Majibu ya kipimo yangechukua wiki nyingi. Pengine ingekuwa faini, pengine mahakama. Emmanuel alisema hajui, na Saada akaona kwamba kweli hajui.

Jumatano maboksi yalichomwa kwenye shimo la taka, nje ya mji, na sheria ilitaka mwenyewe awepo. Salimu alikuja naye. Emmanuel alimwaga mafuta ya taa, akawasha. Utepe wa dhahabu ulijikunja kwanza. Halafu maboksi yakafunguka, sukari ikaanza kuungua, na iliki ikapanda.

Harufu ilikuwa nzuri mno. Saada hakuwa amelitegemea hilo. Ilitambaa na upepo kuelekea nyumba za bondeni, iliki na kungumanga na maziwa, harufu ya sikukuu, na haukupita muda watoto walianza kutokea migombani, mmoja, watatu, wanane, wamesimama ukingoni mwa shimo wanameza mate. Mmoja aliokota kipande kilichokuwa kimebingirika nje ya moto, kimeungua upande mmoja tu, akakipuliza majivu.

"Tupa!" Saada alipiga yowe. Alimkimbilia, akampokonya, akakirusha motoni, akaokota fimbo. "Ondokeni! Ondokeni hapa!"

Walirudi nyuma hatua chache, wakacheka, wakadhani ni choyo. Salimu akachukua fimbo nyingine akasimama upande wa pili. Emmanuel alimaliza kazi yake akaaga, akasema wanaweza kwenda nyumbani. Hawakwenda. Walibaki pale, mtu na mkewe, huyu huku na yule kule, wakilinda shimo mpaka hakukuwa na kitu ndani yake kinachonukia.